Mjomba Aliyeiba Daraja

Nchi tunayoisimulia haipo. Ukikutana na mtu anayedai ameishi huko, amepanga foleni huko na kupiga makofi huko, mpe pole, mpe na maji ya kunywa, kisha achana naye. Sisi tunaiita Jamhuri ya Shwari kwa sababu wenyewe walipenda iitwe hivyo, na katika Shwari wenyewe wakishapenda jambo, wengine wote huwa tayari wamekwisha kulipenda.

Huko Shwari hakuna uhalifu. Uliisha Jumanne moja, saa sita mchana, kwa tamko la Mlezi Mkuu wa Taifa. Alikuwa kwenye ufunguzi wa maonyesho ya sabuni, akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, uhalifu nimeuchoka. Kuanzia sasa, basi." Watu wakashangilia, na ikawa basi. Polisi wote wakageuzwa kuwa bendi ya tarumbeta, na wale wasio na pumzi za kutosha wakapewa matoazi.

Siku hizi ukirudi nyumbani ukakuta televisheni haipo, usithubutu kusema imeibwa. Unakwenda kituoni, unamwambia sajenti kwamba televisheni yako imehama. Sajenti anaweka tarumbeta chini, anakutazama kwa huruma, anakuuliza, "Mlikuwa mnaishi nayo vizuri?" Mnaongea kidogo kuhusu malezi, anakupigia wimbo mmoja wa kukuliwaza, unarudi zako nyumbani. Nani asiyeitamani nchi ya namna hiyo?

Palikuwa na usumbufu mmoja tu. Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na Kitivo cha Haki Jinai, na mlangoni pa kitivo kulikuwa na jiwe la marumaru ambalo Mlezi Mkuu aliliweka kwa mkono wake mwenyewe. Kukifunga kitivo kungekuwa sawa na kusema mkono ule ulikosea mahali. Basi kikaachwa wazi, na vijana wakaendelea kusomeshwa jinsi ya kupambana na kitu kilichokwisha.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Sikudhani, msichana wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye kichwa chepesi darasani na mdomo mwepesi zaidi nje ya darasa. Alikuwa amesoma nadharia za uhalifu, historia ya uhalifu, na somo gumu kuliko yote, Kwa Nini Hakuna Uhalifu, ambalo mtihani wake una swali moja na jibu linajulikana. Alikuwa amebakiza jambo moja tu avae joho: kesi yake ya mwisho.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kesi hiyo. Kila aliyesoma shule ya bweni anajua habari ya vitu vya kwenda navyo: jembe na mpini wake, fagio la chelewa, ndoo, rimu ya karatasi. Kitivo kiliongeza kimoja tu, yaani mtuhumiwa. Serikali ilikuwa imeeleza kwa upole kwamba haina wahalifu wa kugawa, kwa hiyo mwanafunzi aje na wa kwake kutoka nyumbani, awe mzima, msafi, na anayesikia vizuri. Ukimshtaki akatiwa hatiani, umepata shahada. Akiachiwa, unarudia mwaka, na unakwenda kutafuta mtuhumiwa mwingine.

Kosa lilikuwa moja kwa wote: kuiba jogoo wa kitivo. Jogoo huyo alikuwa ameshaibwa na vizazi na vizazi vya wanafunzi, mpaka akaijua kazi kuliko wahadhiri. Kesi ikitajwa, alitembea mwenyewe kwa madaha hadi kwenye meza ya vielelezo, akapanda, akageuza ubavu mmoja mahakama imwone, kisha wa pili. Baada ya hukumu mfungwa alipewa soda na andazi, akapigwa picha na mwanafunzi wake, akarudi nyumbani kwa furaha. Ilikuwa sherehe nzuri. Watu walikuwa wakiomba wenyewe waitwe.

Sikudhani alikuwa amemleta mjomba wake.

*

Mjomba Hamduni ndiye aliyemlea tangu akinyonya chupa. Alikuwa mstaafu wa redio ya taifa, na kazi yake yote ya maisha ilikuwa kusoma matangazo ya vifo baada ya taarifa ya habari. Aliyasoma vizuri mno, kiasi kwamba misibani watu walimsifu yeye kuliko marehemu. Tangu astaafu hakuwa na kipaza sauti wala wasikilizaji, na jambo hilo lilimtesa. Jioni alikuwa akimsomea Sikudhani bei za nyanya kwa sauti ileile ya zamani, na Sikudhani, ambaye hakuwa na nia ya kununua nyanya, alijikuta anatokwa machozi.

Kwa hiyo alipoombwa awe mtuhumiwa, hakuuliza mara mbili. Alivaa suti yake ya kijivu, akapaka mafuta, akachukua mkoba na kuhamia bweni la watuhumiwa, ambako baada ya muda mfupi alichaguliwa kiranja.

Wiki moja kabla ya kesi, Mheshimiwa Fulgensi Mapande, Waziri wa Utulivu, Madaraja na Sherehe, alikuja kuwahutubia wanafunzi. Alikuwa mtu mnene mwenye kijana maalumu wa kumshikia mwavuli, hata akiwa ndani ya ukumbi.

"Ndugu wasomi," alianza, "nitumie fursa hii adhimu kuwashirikisha jambo mtambuka. Wafadhili wetu wametujengea Gereza la Mfano. Lina vigae, lina feni, lina bustani ya maua. Ni gereza ambalo mimi mwenyewe, kama si majukumu, ningependa kupumzika ndani yake." Ukumbi ukapiga makofi. "Hata hivyo, kutokana na mafanikio yetu makubwa, gereza hilo halina mfungwa. Wafadhili wanakuja kulitembelea, na wameonyesha nia ya kuona mtu ndani. Kwa muktadha huo, mwaka huu hukumu za kitivo zitakuwa hukumu kweli. Hiyo ndiyo elimu kwa vitendo! Madaktari wanajifunza kwa wagonjwa wa kweli. Ninyi mna upungufu gani?"

Alikaa chini, mwavuli ukakaa naye. Wanafunzi walitazamana. Wenye watuhumiwa wa kukodi walianza kukohoa. Kijana mmoja aliyemleta baba wa mchumba wake aliomba ruhusa ya kutoka nje. Wale waliowaleta wenye nyumba wao hawakuonekana kuwa na wasiwasi wowote, na mmoja wao aliuliza kama kifungo kinaweza kuongezwa.

Sikudhani aliinua mkono. "Mheshimiwa, tunaweza kubadilisha watuhumiwa?"

Aliyejibu ni mkuu wa kitivo, Profesa Shambwe, mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuonekana. "Binti, huwezi kubadilisha mtuhumiwa kwa sababu tu umempenda. Haki haiendi hivyo."

Sikudhani alitoka pale akaenda moja kwa moja bweni la watuhumiwa, akamkuta Mjomba Hamduni kibarazani anawafundisha wenzake namna ya kusimama kizimbani bila kuficha uso.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umekunja uso hivyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mjomba, tumekwisha. Mwaka huu wanafunga kweli. Siyo soda na andazi tena. Ukikiri, wanakupeleka Gereza la Mfano, na mlango wanafunga."

Mjomba alifikiri kidogo. "Nimesikia lina vigae."

"Mjomba!"

"Na feni."

"Mjomba, nakuomba. Siku ya kesi ukatae. Sema hukumwiba, sema hata humjui huyo jogoo. Mimi nitarudia mwaka, siyo kufa."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Siku, mwanangu, nisikilize. Nimekusomesha wewe kwa kutangaza maiti za watu. Mtaa mzima nimewaambia unavaa joho mwaka huu, na fundi ameshakata kitambaa. Halafu mimi nisimame nikane jogoo? Nikuangushe mbele ya watu? Haiwezekani. Nitakiri, na nitakiri vizuri."

"Sitaki shahada ya kukufunga wewe!"

"Basi hukutakiwa kunileta," mzee akasema kwa upole. "Ungemleta mwenye nyumba."

Sikudhani alirudi chumbani kwake akalia kwa hasira. Alimpenda mjomba wake kuliko kitu chochote katika Shwari nzima, na sasa kila alichokisoma kwa miaka mitatu kilikuwa kinamfundisha jinsi ya kumtia ndani.

*

Siku ya kesi ukumbi ulifurika. Mheshimiwa Mapande alikaa mbele kabisa chini ya mwavuli wake. Bendi ya polisi ilikuwa kwenye kona. Redio ya taifa ilikuwa inarusha matangazo moja kwa moja ili wananchi wajifunze haki, na kwa sababu hiyo kipaza sauti kikubwa cha fedha kilikuwa kimefungwa kizimbani. Mjomba Hamduni alipokiona, alisafisha koo kwa furaha.

Hakimu alikuwa Profesa Shambwe mwenyewe, na alikuwa na desturi ya kusahihisha kwa sauti. Mwanafunzi akiuliza swali zuri alisema, "Anapanda." Akikosea alisema, "Anashuka." Alisema haki lazima ionekane ikitendeka, na maksi vilevile.

Jogoo akapanda mezani, akageuza ubavu.

"Mshtakiwa, unadaiwa kumwiba huyu jogoo," alisema Profesa. "Unakubali?"

"Nakubali," Mjomba alisema kwenye kipaza sauti, "kwa masikitiko makubwa." Sauti ilijaa ukumbi mzima, na nyuma kabisa mama mmoja akaanza kulia bila kujua nani amefariki.

Sikudhani alisimama. Alikuwa amepanga kuiharibu kesi yake mwenyewe. "Mshtakiwa, una hakika ulimwiba? Huenda jogoo alikufuata tu."

"Nilimwiba."

"Huenda ulikuwa unamsindikiza."

"Nilimwiba, nikamfunga miguu, nikamtia kapuni."

"Kwa hiyo jogoo alikuwa mchovu, ukamsaidia kumbeba?"

"Anashuka," alisema Profesa, akimtazama kwa miwani ya kusomea. "Mwendesha mashtaka, wewe uko upande gani?"

"Naomba kumuuliza mshtakiwa kama anaumwa kichwa, Mheshimiwa Hakimu. Nyumbani huwa anasahausahau."

"Anashuka. Anashuka sana."

Mjomba Hamduni alishtuka. Aliona binti yake anaporomoka mbele ya macho yake, na yeye ana kipaza sauti mbele yake. Akakisogelea. "Mheshimiwa Hakimu, naomba kuongeza. Siyo jogoo peke yake. Niliiba pia mbuzi wa jirani."

Profesa aliinua nyusi. "Mwendesha mashtaka amefichua kosa la pili. Anapanda."

"Hapana, sijafichua!" Sikudhani alipiga kelele.

"Na unyenyekevu pia anao. Anapanda tena."

"Niliiba kengele ya shule," mzee aliendelea, macho yakimng'aa. Miaka mingapi hajasikilizwa na nchi nzima! "Niliiba mabati ya soko, yote, pamoja na misumari yake. Niliiba, kwa masikitiko makubwa, gari la kubebea wagonjwa." Watu walianza kunong'ona, kwa sababu vitu hivyo kweli vilikuwa vimehama. Kila alipotaja kimoja Profesa alisema, "Anapanda," na kila Profesa aliposema hivyo mzee alizidi kupata moto. Sikudhani alimfanyia ishara ya kukata shingo, anyamaze. Mzee alidhani anaombwa amalizie kwa kishindo.

"Na mwisho," alisema, akashusha sauti mpaka pale alipokuwa akiitoa kwa ajili ya misiba ya wakubwa, "niliiba Daraja la Mto Kihoro."

Matoazi yalimponyoka askari mmoja, yakaanguka sakafuni, na hakuna aliyethubutu kuyaokota.

Hapa inabidi tueleze, maana msomaji si wa Shwari. Daraja la Mto Kihoro ni fahari ya taifa. Limefunguliwa mara tatu, kila mara kwa utepe mpya, na Mheshimiwa Mapande mwenyewe ndiye aliyeshika mkasi. Liko kwenye stempu. Liko kwenye kalenda ya wizara. Liko kwenye kitabu cha jiografia cha darasa la nne. Mahali pekee ambapo halipo ni mtoni. Watu wa huko huvua viatu, huweka nguo kichwani, huingia majini hadi kifuani, na wakifika ng'ambo huvaa tena na kusema wamepita darajani, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kusemwa. Hakuna mtu aliyewahi kusema vinginevyo. Sasa mzee mmoja alikuwa amelitangaza redioni, tena kwa sauti ambayo taifa zima lilikuwa limezoea kuiamini.

Profesa Shambwe alivaa miwani zote mbili kwa pamoja. Akimtia mzee hatiani, atakuwa ametamka mahakamani kwamba daraja halipo. Akimwachia, watu watauliza: basi kama hakuliiba yeye, nani?

"Hilo la mwisho," alisema kwa sauti nyembamba, "halijasikika."

"Limesikika," alisema fundi wa redio. "Hata mpakani wamesikia."

Mheshimiwa Mapande alisimama, uso umemvimba. "Upuuzi! Upuuzi uliokithiri! Daraja lipo! Nani asiyejua kwamba lipo? Mimi nimelifungua mara tatu. Mtu anawezaje kufungua mara tatu kitu ambacho hakipo?"

Ndipo Sikudhani akaona mlango. Ulikuwa mdogo, lakini Mjomba angepita. Kama daraja lipo, basi Mjomba ni mwongo. Na kama Mjomba ni mwongo wa daraja, nani atamwamini kuhusu mbuzi, mabati au jogoo? Ataachiwa. Alijua pia maana yake kwake mwenyewe. Mwanafunzi ambaye mtuhumiwa wake ameachiwa anaanza upya, na joho la fundi litageuzwa pazia. Alimtazama mzee pale kizimbani, suti ya kijivu, tai imepinda, uso umejaa raha ya mtu aliyemsaidia mtoto wake. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "upande wa mashtaka unadai daraja limeibwa. Mheshimiwa Waziri anasema lipo. Tunaomba mahakama yote ihamie mtoni ikaone."

"Anapanda... anashuka..." Profesa alibabaika. "Sijui anafanya nini huyu."

"Twendeni!" alinguruma Waziri, ambaye hakuwa na mazoea ya kufikiri baada ya kukasirika. "Twendeni sasa hivi! Bendi itangulie!"

*

Walifika mtoni jua likiwa kali. Watu wa kijiji walikuwa wamesikia redioni, wakajaa kingo zote mbili, baadhi bado nguo zikiwa kichwani. Mto Kihoro ulikuwa unapita zake kwa utulivu, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, hauna habari kwamba ni barabara.

Profesa Shambwe alikalia kiti kwenye nyasi, akafungua kikao. Mjomba Hamduni alisimama pembeni kati ya askari wawili wa tarumbeta. Waziri alikubali kuwa shahidi.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "daraja liko wapi?"

"Liko mbele yako."

"Mimi naona maji."

"Kwa sababu hukusomea uhandisi. Lilijengwa kwa teknolojia isiyoziba mandhari."

Kijiji kizima kiliitikia kwa kichwa kwa heshima. Mzee mmoja hata alisema ni kweli, mandhari haijaziba kabisa.

"Linabeba uzito gani?" aliuliza Sikudhani.

"Malori. Treni. Hata tembo, wakiwa na kibali."

"Basi mimi nasisitiza kwamba mshtakiwa aliliiba lote, na hakubakiza hata ubao. Kama nakosea, Mheshimiwa, tunakuomba ulivuke. Ukifika ng'ambo nitakubali mbele ya mahakama hii kwamba nimeshindwa."

Waziri aliangalia mto. Aliangalia kipaza sauti cha redio, kilichokuwa kimeletwa hadi mtoni. Aliangalia watu, ambao kwa adabu kubwa walikuwa wanampisha njia. Akajikaza kisabuni, akanyoosha koti, akatia mguu.

"Kama mnavyoona," alisema, maji yakimfika kwenye vifundo, "daraja ni imara."

"Imara!" kijiji kikajibu.

"Kuna umande kidogo." Maji yalikuwa magotini. Kijana wa mwavuli alimfuata, hana hili wala lile, amemkinga na jua. Bendi nayo ilikuwa na amri ya kutangulia popote Waziri anapokwenda, kwa hiyo ikaingia mtoni ikipiga, na tarumbeta moja baada ya nyingine zikaanza kutoa sauti ya mtu anayesukutua.

"Hapa katikati," alisema Waziri, maji yakiwa kwenye tai, "wahandisi waliacha mteremko. Wa makusudi."

"Wa makusudi!"

Alizidi kwenda, nje ya njia wanayoijua wenyeji. Mabega yakazama. Kilibaki kichwa kimoja cha Mheshimiwa, na juu yake mwavuli, na kichwa hicho kilikuwa bado kinahutubia. "Nitoe rai kwa wananchi," kilisema, kikameza maji, kikatema, "walitunze daraja hili. Ni mali yenu." Hapo kikapotea kabisa. Mwavuli ulibaki peke yake juu ya maji, ukisogea polepole kuelekea ng'ambo, na wananchi waliendelea kuupigia makofi mpaka mwenyewe alipoibuka upande wa pili, kiatu kimoja hakipo.

Walimrudisha kwa mgongo wa mvuvi mmoja mwenye nguvu, akakalishwa kwenye kiti, akitweta na kuchuruzika. "Mmeona wenyewe," alisema. "Lipo."

Profesa Shambwe alipumua kama aliyetuliwa gunia. Hukumu ilimtoka haraka kuliko hukumu yoyote ya maisha yake. Daraja lipo, Waziri amelivuka. Mshtakiwa ni mwongo. Mtu mwongo kiasi hicho hawezi kuaminiwa hata akisema amemwiba jogoo. Hana hatia, aende zake. "Na mwendesha mashtaka," aliongeza, "ameshindwa kesi. Tangu kitivo kianzishwe sijawahi kuona. Atarudia mwaka."

Sikudhani alijua litakuja, lakini liliuma vilevile. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja, akacheka, akayafuta tena.

Mjomba Hamduni alimjia mbio, ndita usoni. "Umefanya nini, Siku? Nimekiri vizuri vile! Nimekupa mpaka daraja! Mtu gani anapewa daraja akalikataa?"

"Nimekutaka wewe, Mjomba. Daraja nitalifanyia nini?"

Mzee alimkumbatia binti yake, akamlowesha koti kwa machozi, akasema kwa sauti ndogo isiyo ya redio, "Twende nyumbani, mama. Kitambaa tutashona pazia."

Lakini hawakupata njia ya kupita. Watu wa kijiji walikuwa wamewazunguka, nao walikuwa wameelewa jambo. Walikuwa wametazama kwa makini jinsi haki inavyofanya kazi: mtu anakiri kwamba amekiiba kitu, na Waziri analazimika kuja mwenyewe kuonyesha kwamba kipo.

"Dada," alisema mwanamume mmoja, akivua kofia, "tumesikia unarudia mwaka. Una mtuhumiwa mwingine? Mimi niliiba barabara ya lami ya kutoka hapa hadi mnadani."

"Mimi niliiba nguzo za umeme," alidakia mwingine. "Na umeme wenyewe."

"Mimi niliiba walimu wa hesabu!"

Wakaanza kusukumana. Profesa alijificha nyuma ya kiti chake. Waziri alinyanyuka akitafuta gari lake, kiatu kimoja mguuni, lakini gari lilikuwa nyuma ya watuhumiwa. Sikudhani alisimama katikati yao, joho hana, shahada hana, akiwa na watu wengi wa kuwashtaki kuliko mwanafunzi yeyote katika historia ya Shwari.

Hapo umati ukapasuka wenyewe kumpisha mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka majini sasa hivi. Kanga zilikuwa zimemganda, mkono mmoja ameuweka mgongoni, na tumbo lake lilikuwa kubwa, la mimba iliyotimia. Aliegemea bega la Mjomba Hamduni, akavuta pumzi, akamtazama Waziri.

"Mimi niliiba wodi ya wazazi," alisema. "Ile uliyoifungua mwaka jana. Naomba mahakama iende ikaikague." Akafumba macho, akauma mdomo mpaka uchungu ulipopita, kisha akayafumbua. "Ila twendeni upesi, tafadhali."